Bahasha Nyepesi ya Mkunga

Wiki iliyopita mliniacha posta, nimesimama mbele ya sanduku la barua la duka, mlango wake wazi, bahasha mbili mkononi. Wengine mmeniandikia mkiuliza kwa nini nilikatia pale. Nilikatia pale kwa aibu. Leo nasema yote, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mchapaji. Nina miaka arobaini na mmoja, nakaa nyuma ya kompyuta katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba za kupanga, wasifu wa marehemu ambao sikuwajua. Mume sina, habari zake mlizisoma wiki ya tatu na zinatosha. Naishi na mdogo wangu wa kike, na nina riwaya moja iliyonila miaka sita.

Riwaya hiyo nimeituma mara ishirini kwa mawakala wa waandishi. Wakala ndiye anayeuchukua mswada wako na kukupigania kwa wachapishaji. Bila yeye, wachapishaji wakubwa hawakupokei hata barazani.

Mara ishirini nilituma, mara ishirini wakanirudishia. Maneno yao nayajua kama jina langu: "Tumeusoma mswada wako kwa makini. Tunasikitika kwamba kwa sasa haulingani na mahitaji yetu. Tunakutakia kila la heri."

Mdogo wangu ana ulimi. "Dada," huniambia, "hizo heri wanazokutakia ungekuwa unazifuga, leo tungekuwa na zizi."

Halafu kuna Bibi Mkunga, mteja wangu. Alizalisha wanawake miaka thelathini na minane, akastaafu, akaandika habari zao kwa mkono katika madaftari tisa ya waya. Ana miaka sabini na moja na macho yake yameanza kuingia ukungu. Daktari alimwambia yatamaliza mwaka huu, zaidi ya hapo hamwahidi kitu.

"Mwanangu, nataka kitabu changu nikisome mwenyewe," aliniambia. "Sitaki kusomewa."

Nilimchapia sura tatu za mwanzo na barua ya kuzisindikiza, tukazituma kwa wakala mmoja mwanamke, mmoja wa walionikataa zamani, ambaye siku hiyohiyo nilimtumia tena riwaya yangu, mara yangu ya ishirini na moja. Anwani tuliyotumia ni ya duka, maana Bibi Mkunga hana sanduku.

Sasa turudi posta.

Mtu aliyekataliwa mara ishirini hafungui bahasha. Anaipima kwa mkono. Wakikukataa wanakurudishia mswada wako, kwa hiyo bahasha inarudi nzito. Wakikukubali wanabaki nao, na wewe unaletewa karatasi moja tu. Siku tulipotuma nilimweleza Bibi Mkunga hivyohivyo: "Omba nyepesi, Mama."

Bahasha yangu ilikuwa nzito. Yake ilikuwa nyepesi.

Yangu niliitia chini kabisa ya mkoba bila kuifungua. Yake nikaifungua palepale, mbele ya makarani. Kufungua barua ya mtu ni wizi, najua. Nilijiambia kwamba nitamsomea tu, maana haoni vizuri.

"Mama mpendwa," wakala aliandika, "nilianza kusoma sura zako nikiwa nimesimama mlangoni, nikasahau kuvua koti. Nataka kuwa wakala wako. Nipo mjini Alhamisi hii tu, kisha nasafiri miezi mitatu. Njoo ofisini saa kumi alasiri na madaftari yote tisa. Wapo wachapishaji wawili ninaotaka kuwaonyesha nikiwa safarini."

Nilisoma mara tatu.

Mnataka kujua kilichonishika? Wivu, hamna jina lingine. Miaka sita mimi nahangaika, na mwanamke aliyeandika miezi minane tu anaingia kwa hodi moja! Na nani alimwekea nukta? Nani alimkatia aya? Mimi. Nilihisi kama nimepika, nimepakua, kisha nimeambiwa nikaoshe vyombo.

Nilirudi dukani. Bosi alikuwa ametoka kwenda kununua wino wa mashine. Nikaketi na kufungua ukurasa mpya.

Chuoni walitufundisha barua mpaka vidole vikashika vyenyewe: anwani, tarehe, kichwa cha habari, salamu, maelezo, sahihi, herufi za mwenye barua na za mchapaji chini kushoto. Miaka ishirini sijafikiri nikichapa barua. Na siku ile ndiyo hasa sikutaka kufikiri.

"Tumeusoma mswada wako kwa makini. Tunasikitika..."

Dakika nne tu. Nikaigiza sahihi ya wakala, nikaikunja barua, nikaiweka katika bahasha mpya. Ile ya kweli niliitia mkobani, juu ya bahasha yangu nzito. Bosi aliporudi akanikuta natoa fotokopi za vyeti vya mtu.

Bibi Mkunga alikuja kesho yake, Jumanne asubuhi, amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini ambavyo hajaviacha hata baada ya kustaafu.

"Imekuja?"

"Imekuja, Mama."

Aliipima mkononi. Uso wake ukafunguka wote. "Nyepesi! Ulisema nyepesi ndiyo nzuri!"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Nilisema, "Safari hii sura hawakurudisha, Mama. Pengine zimepotea kwao. Nimeisoma. Wamekataa."

"Nisomee."

Nikamsomea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akisikiliza jinsi nadhani alivyosikiliza mapigo ya watoto tumboni. Nilipofika kwenye kila la heri, nikaikunja barua.

"Wewe wamekukataa mara ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini."

"Na ulifanyaje?"

"Nililia. Nikala. Nikalala. Asubuhi nikarekebisha, nikatuma tena."

"Una bahati, una asubuhi nyingi," alisema. "Mimi nina macho ya mwaka mmoja."

Mimi machozi yalinitoka. Na yeye, yeye aliyeumizwa, akainuka akanishika bega. "Usilie, mwanangu. Si wewe uliyekataa."

Alichukua ile barua akaenda nayo. Sikuweza kula siku ile wala iliyofuata.

Jumatano jioni mdogo wangu alikuwa anatafuta pini ya nywele. Mkoba wangu kwake ni kama kabati la baba yetu, anaingiza mkono bila kuuliza. Nilikuwa jikoni nikasikia ukelele.

"Dadaaa! Umekubaliwa! Umekubaliwa na hukusema!"

Alitoka mbio na ile barua, akanikumbatia na mwiko wangu mkononi, akanizungusha. "Alisahau kuvua koti! Jamani! Kwa ajili ya dada yangu!"

"Si yangu."

"Si yako vipi? Ilikuwa kwenye..." Akaisoma tena, taratibu. Madaftari tisa. Mama mpendwa. Akarudi nyuma hatua moja. "Ni ya yule mkunga."

"Ndiyo."

"Mwenyewe amejua?"

Nikageukia sufuria.

"Dada, nakuuliza. Mwenyewe amejua?"

"Nilimwambia amekataliwa. Nilimchapia barua."

Akaiweka barua mezani, akailainisha mikunjo kwa kiganja.

"Wale ishirini waliokukataa hawakujui," alisema. "Mimi nakujua. Kesho usipompelekea, nampelekea mimi. Na nikirudi, sijui kama tutaishi nyumba moja."

Alhamisi nilimwomba Bosi ruhusa mchana. Nikatembea kwa miguu hadi kwa Bibi Mkunga, njia nzima napanga maneno. Nilikuwa na hesabu yangu: nitaungama, nitapiga magoti akitaka, kisha tutachukua madaftari na kufika kwa wakala kabla ya saa kumi. Kosa kubwa, lakini litakuwa limewahiwa. Ndivyo nilivyojidanganya.

Nilimkuta uani nyuma ya chumba chake, anasugua karai lililoungua. Maji yaliyokuwa yanamwagika yalikuwa meusi.

"Karibu, mwanangu. Usikanyage hapo, kuna majivu."

"Umechoma nini, Mama?"

"Jana nilichoma madaftari."

Nilisikia, ila sikuelewa. Nikatazama. Pembeni ya karai, juu ya jiwe, kulikuwa na waya zile za kushikia kurasa, zimepangwa kwa ulalo, zimekuwa nyeusi. Nikazihesabu. Zilikuwa tisa.

"Yote?"

"Yote. Mle kulikuwa na siri za wanawake," alisema, bado anasugua. "Walionipa ruhusa walinipa kwa ajili ya kitabu. Kama kitabu hakuna, sikuwa na haki ya kuziacha chini ya kitanda. Nife leo, majirani wachane kurasa wafungie sukari? Mkunga hafanyi hivyo. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, nikatia kiberiti."

Mimi nilikuwa nimechapa sura tatu. Madaftari mawili tu ya mwanzo, tena si yote. Hayo mengine hayakuwa popote duniani. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Mama, mimi..."

"Ngoja kwanza. Vizuri umekuja, nina swali."

Alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi mbili na kile kioo chake cha kukuzia maandishi. Akaketi kando yangu, bega kwa bega, akazitandaza mapajani. Moja ilikuwa nakala ya barua niliyomchapia ya kusindikiza sura zake. Nyingine ilikuwa ile ya kukataliwa.

"Leo asubuhi jua lilikuwa kali, nikasema nijaribu kuisoma mwenyewe. Mtu aliyekukataa lazima umsome mwenyewe angalau mara moja." Akaweka kioo juu ya karatasi ya kwanza, chini kushoto. "Hapa kuna vijiherufi. Siku ile nilikuuliza ni vya nini, ukanieleza. Nikumbushe."

"Mbili za kwanza ni zako, mwenye barua. Kisha kistari cha mshazari. Mbili za mwisho ni za mchapaji."

"Yaani zako."

"Zangu."

Akakisogeza kioo kwenye karatasi ya pili, chini kushoto. "Sasa nisomee hizi."

Nilizitazama. Nilizitazama kama mtu anayeangalia picha yake ukutani kwa polisi. Herufi mbili za wakala. Kistari. Na baada ya kistari, ndogo, safi, zimenyooka kama nilivyofundishwa, herufi zangu mbili.

"Nilidhani labda umepata kazi kwake," alisema Bibi Mkunga. "Nimekaa na wazo hilo tangu asubuhi. Nimelizungusha kila upande, halikubali kukaa."

"Nisamehe, Mama."

"Sijafika huko. Toa ile ya kweli."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Niliingiza mkono mkobani nikaitoa, nikamsomea. Mlangoni. Koti. Nataka kuwa wakala wako. Madaftari yote tisa. Nilipomaliza alikuwa anatazama zile waya.

"Mwanamke akifiwa na mtoto, mimi hukaa naye mpaka alfajiri," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ngumu kuliko zote. Lakini sijawahi kukaa bega kwa bega na aliyemuua."

Mnaosoma hapa mkifikiri labda nitajitetea, sina utetezi. Nililia, na safari hii hakunishika bega.

Baada ya muda akauliza, "Alhamisi si ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu."

Akanyanyuka, akaenda kuvua kanga ya uani. Akiwa ndani akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na wewe je? Si tulituma pamoja? Yako ilisemaje?"

"Sijaifungua. Ilikuja nzito."

"Nzito ndiyo nini?"

"Nzito ndiyo hapana, Mama. Zote ishirini zilikuwa hivyo."

Alitoka amevaa viatu vyeupe. "Nimeona watoto wanaokuja kwa miguu badala ya kichwa, na wakaishi. Ifungue."

"Mama, leo si siku ya..."

"Nimesema ifungue. Mimi yangu ulinifungulia bila kukuomba."

Niliichana. Mswada wangu ulikuwemo, kurasa mia mbili na sitini. Nikaufungua katikati. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na maandishi ya penseli: vizuri, hapana, hapa umenichekesha, huyu atoke. Kurasa zote, hadi ya mwisho. Juu yake, imebanwa kwa pini, karatasi ndogo.

Bibi Mkunga alisubiri. Ikanibidi nisome kwa sauti.

"Safari hii sikurudishii kwa kukukataa. Umejifunza. Tatizo ni sura ya mwisho: mtu wako anatenda kosa, halafu wewe unamsaidia kukimbia. Mwache asimame pale alipo. Nataka tufanye kazi pamoja. Njoo Alhamisi saa kumi na nusu, nikimaliza na mgeni wangu wa saa kumi. Uje na mswada huu."

Nilikuwa nimeibeba siku tatu. Nilikuwa nayo mkobani nilipochapa ile barua. Nilikuwa nayo miguuni mwangu Bibi Mkunga aliponiambia si mimi niliyekataa. Laiti ningeifungua posta, pale pale, kabla ya yake! Lakini nilijifanya mjuzi wa kupima uzito.

Nilichotaka maisha yangu yote kilikuwa mkononi, na nilitamani kukitupa kwenye lile karai.

"Hongera," alisema Bibi Mkunga. Naapa hakuisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililonichoma.

"Siendi, Mama. Nitaichana."

"Utakwenda. Sote tunakwenda." Aliinama, akaziokota zile waya moja moja, akazifunga katika kitambaa. "Na mlangoni utatangulia wewe."

Tulikwenda kwa miguu. Penye mitaro nilimpa mkono, akaushika, kwa sababu haoni vizuri na hakuwa na mkono mwingine wa kushika. Tulipanda ngazi za ghorofa mbili, akipumzika kila baada ya ngazi sita. Saa kumi kasoro dakika moja nilibisha hodi kwenye mlango ambao kwa miaka sita niliujua kwa anwani tu.

Wakala alifungua mwenyewe. Mwanamke mfupi, miwani imepandishwa kichwani, penseli nyuma ya sikio. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akacheka kwa furaha.

"Mmekuja pamoja! Kumbe mnajuana? Ingieni, ingieni. Mama, wewe lazima ndiye mkunga wangu. Na wewe, mwandishi wangu wa saa kumi na nusu, lazima ndiye mchapaji ambaye herufi zake ziko chini ya barua ya Mama; ndiyo maana mswada wako hauna kosa hata moja la kuchapa." Alivuta viti viwili mbele ya meza, akasafisha nafasi kwa mkono. "Nimewaambia wachapishaji wawili tayari. Wanasubiri. Haya Mama, nionyeshe madaftari."

Bibi Mkunga hakuketi. Alikifungua kitambaa chake juu ya meza, na waya tisa nyeusi zikamwagika juu ya karatasi safi za wakala, zikiacha masizi.

"Haya ndiyo madaftari," alisema. "Mengine muulize mchapaji."

Wakala akanigeukia, bado anatabasamu.